Mstari wa Komanda

Nyumbani kwetu Mangobo, hapa Kisangani, papa anaitwa papa, na mama akikasirika anamwita "baba ya hawa watoto". Lakini akishika njia ya kuteremka mtoni, kabla hajaona hata maji, watu wanaanza. Komanda, mbote. Komanda, tunashuka leo? Komanda, uniwekee nafasi ya magunia matatu. Papa hajibu kwa maneno. Anainua kidole kimoja tu, kama mtu anayepima upepo. Nikiwa naye natembea nyuma yake hatua nne au tano, kwa sababu sipendi kuangaliwa, lakini masikio yangu yanakuwa mbele yake.

Naandika haya kwa ajili ya karatasi moja ambayo ningali nayo, na kwa sababu hakuna mtu niliyemwambia yote.

Mwaka jana shule ilipofunguliwa walitupa fomu za kujaza. Kazi ya baba. Niliandika Commandant, kwa Kifaransa, kwa herufi nzuri. Mwalimu wetu alizisoma fomu kwa sauti, sijui kwa nini, akafika kwangu akainua macho.

"Commandant wa jeshi gani?"

Nilisema wa bato. Nilisema chini sana, akaniambia nirudie.

"Bato gani?"

"Baleinière."

Darasa lote lilicheka. Baleinière ni ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, inayobeba mihogo na mafuta ya mawese na watu juu ya magunia. Si bato la chuma lenye ghorofa, linalosukuma majahazi mpaka Kinshasa. Msichana wa dawati la nyuma akasema, "Fille ya commandant, na walinzi wako wapi? Wamekuacha uje na miguu?" Mwalimu alifuta neno langu, akaandika juu yake navigateur. Mtoni sijawahi kusikia mtu akiitwa hivyo hata siku moja.

Kwa hiyo nieleze jinsi wanavyoitana kule, maana jambo lote lilitoka hapo.

Mwenye bato anaitwa patron. Wetu ni mwanamke, mfanyabiashara wa mihogo, anaitwa mama patron, na yeye hapendi maji, anapanda mara chache. Capitaine ni mtu mwenye brevet, yaani cheti cha serikali chenye picha yake na muhuri. Wetu alikuwa mzee mmoja anayekaa commune ya Tshopo. Alisafiri miaka mingi, kisha macho yakaingia ukungu, akaacha kupanda. Lakini brevet yake haikuacha kupanda. Kila safari jina lake lilikuwa kwenye orodha ya abiria na wafanyakazi, kwenye mstari wa juu, ule ulioandikwa Commandant de bord. Papa jina lake lilikuwa mstari wa chini, Barreur, mtu wa kushika usukani tu. Papa hana brevet. Mtihani wake unafanywa kwa Kifaransa na kwa kalamu, na yeye aliacha shule darasa la nne. Anasoma kwa kidole, polepole, na akijua unamwangalia anaacha.

Koko yangu, mama wa mama, ambaye ni wa familia za Kiislamu zilizokaa hapa tangu zamani za misafara, yeye husema nahoza. "Nahoza amerudi?" anauliza, maana yake papa. Ni yeye peke yake anayelitumia neno hilo, nami nalipenda kwa sababu halihitaji karatasi.

Lakini komanda ni kitu kingine. Hakuna anayekupa kwa karatasi. Kwenye bato la papa wana desturi yao. Kabla ya kuachia ukingo, mpima maji anasimama mbele kabisa na upondo wake. Huyo ni mzee mwembamba ambaye kazi yake ni kuchoma mto kwa mti mrefu wenye pete nyekundu na nyeupe na kutangaza kina. Anageuka nyuma na kuuliza kwa nguvu, watu wote wasikie:

"Maji iko ya nani?"

Na papa, mkono kwenye usukani, anajibu, "Maji iko ya mimi."

Hapo ndipo anakuwa komanda. Hata mama patron akiwa ndani, hata awe na haraka namna gani, hawezi tena kumwambia papa pita hapa au simama pale. Na inakwisha wakati kamba inafungwa ukingoni, wanapofika. Papa mwenyewe anaifunga kamba hiyo, hamwachii mtu. Akishaifunga, mpima maji anamwita "vieux", yaani mzee tu, na kumwomba sigara. Watu wa barabarani hawajui mpaka huo, wao wanasema komanda asubuhi na jioni. Papa anaujua. Nadhani ndiyo maana anawajibu kwa kidole tu.

Mwezi wa saba, likizo kubwa, karani anayeandika orodha alishikwa na malaria. Mama patron alikuwa ameona daftari zangu. Akamwambia papa, "Mutoto yako iko na mwandiko ya masista. Uende naye." Nikaenda. Tuliteremka mpaka Yanonge, tukalala kwa jamaa, na asubuhi bato lilipojazwa mihogo, makaa na mapipa ya mawese, nilikaa juu ya gunia na fomu kwenye magoti, nikaanza kuuliza watu majina yao. Hilo pekee lilinichosha kuliko safari. Kila mtu ilibidi nimuulize mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hawakunisikia.

Majina ya abiria yalipokwisha, nilibaki na mistari ya juu. Nilikuwa na orodha ya zamani ya kuiga. Commandant de bord, jina la mzee wa Tshopo. Barreur, jina la papa.

Niliangalia mstari wa juu muda mrefu. Niliona yule msichana wa dawati la nyuma, niliona kalamu nyekundu ya mwalimu. Nikawaza kwamba tukifika Kisangani, ofisi ya bandari itapiga muhuri juu ya hii karatasi, na neno lenye muhuri hakuna mwalimu wa kulifuta. Nikaandika jina la papa kwenye mstari wa komanda. Mzee wa Tshopo sikumwandika popote. Mstari wa barreur niliupigia kistari.

Nilimpelekea papa asaini. Aliishika karatasi kwa muda, uso wake haukubadilika, akasaini, akanirudishia. "Weka kwa sac yako, isilowe." Nilifikiri hakusoma. Nilifurahi kwamba hakusoma, na wakati uleule nilijisikia vibaya, kama nimemwibia kitu.

Mpima maji akauliza maji iko ya nani. Papa akajibu.

Baada ya saa sita, maji yakiwa madogo na mafungu ya mchanga yametoka kila mahali, tulikuwa tukipanda polepole. Mpima maji alikuwa akiimba vina vyake, mita mbili, mita mbili na nusu, mita tatu. Tatu ilikuwa nzuri, watu walikuwa wakila ndizi. Kisha kitu kikagonga chini yetu mara moja tu, kama mtu aliyebisha hodi akaondoka. Sikuogopa mpaka nilipoona maji meusi yakitoka katikati ya makaa.

Papa alisema neno moja, "Mukae." Hakupiga kelele, lakini hata mimi mbali juu ya magunia nilimsikia. Watu walitaka kusimama wote upande mmoja, na bato lingepinduka. Alirudia, "Mukae," akageuza usukani akaelekeza pua ya bato kwenye fungu la mchanga, na injini akaifungulia mpaka mwisho. Tulipanda mchangani kwa kishindo. Pipa moja la mawese lilikatika kamba, likabingirika, likamvunja mkono mama mmoja wa samaki wa kukausha. Ndiyo hiyo tu kwa watu. Kwa mali ilikuwa vingine. Mihogo ililowa, makaa yakawa uji mweusi, mafuta yakaenea juu ya maji, mekundu, mpaka mbali.

Wavuvi walikuja na mitumbwi. Papa alishuka wa mwisho, viatu mkononi, ingawa maji pale yalifika magotini tu na kila mtu angeweza kutembea. Yule mama wa samaki alikuwa akilia. Wengine walisema kwa nini hakupita upande ule mwingine wa kisiwa. Mpima maji alisema lile gogo lililotugonga halikuwepo juma lililopita, mto umelileta. Papa alikuwa akiangalia kamba ya bato, ambayo haikufungwa popote, ikielea.

Kesho yake tulirudi Kisangani kwa bato lingine. Papa hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja na mpima maji kwenye ofisi ya bandari kueleza, na mpima maji akarudi peke yake. Papa walimwambia akae. Ilikuwa Ijumaa. Walitaka orodha, papa akasema iko nyumbani, italetwa Jumatatu.

Jumapili, watu wanatoka kanisani, mama patron alikuja kwetu. Alikuwa amemshika mzee wa Tshopo kwenye kiwiko, akimwonyesha mahali pa kukanyaga. Mama yangu aliwapa viti. Mama patron alikuwa na fomu mpya mkononi, tupu, imekunjwa vizuri.

"Mama," aliniambia, hivyo ndivyo watu wazima wanavyowaita wasichana kwetu wakitaka kuwabembeleza, "ile liste iko kwako?"

Niliitoa. Aliisoma, akafumba macho, akampa mama yangu, ambaye aliisoma naye akaniangalia.

"Nani alikuambia uandike hivi?" mama patron akauliza.

"Hakuna mutu."

"Bon. Sikiliza. Mutu mwenye brevet akigonga gogo, ni accident. Mutu bila brevet akigonga gogo, ni prison. Unasikia tofauti? Papa yako hana brevet. Donc utaandika ingine. Capitaine kwa mustari yake, papa yako kwa mustari yake, kama siku zote. Mwandiko ni wako, wino ni wako, hakuna atakayejua."

Mzee alicheka kidogo. "Muniandike tu. Watanifanya nini? Watachukua brevet? Wachukue. Hata ile picha yangu ndani siioni tena."

Nilijikaza. "Lakini abiria watasema hukukuwa ndani."

"Watasema komanda alikuwa ndani," mama patron akajibu. "Na komanda ni nani? Kwa ile bandari hata mutu wa kuuza mandazi wanamuita komanda. Nitaongea nao."

Nilimgeukia mama. Nilitaka aseme hapana ili nisichague. Alikuwa akikunja kanga yake, akikunjua. "Andika," akasema. "Papa yako arudi."

Niliandika. Nataka kusema ukweli hapa. Sikusita. Niliandika majina yote ya abiria upya, mmoja mmoja, na safari hii hakuna niliyehitaji kumuuliza. Jina la mzee nililiweka juu. Jina la papa nililirudisha chini, barreur. Mahali pa saini nilipaacha wazi, mama patron alisema papa atasaini mwenyewe kule ofisini. Mzee aliondoka akipapasa ukuta wetu kwa vidole, akauaga ukuta badala yetu, na mama patron akamgeuza.

Jumatatu asubuhi mama alinipa lituma ya ndizi na pondu, majani ya mihogo, kwenye sufuria ndogo. Orodha zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wangu wa shule. Papa alikuwa ofisi ya bandari, kwenye chumba chenye dirisha la kuangalia maji, amekaa kwenye benchi, ndevu zimeota. Walikuwa hawajamfungia mlango. Alikula vizuri. Alipomaliza kunawa nikamweleza, haraka haraka, nikiangalia sufuria.

"Lete," akasema.

Alitandaza zote mbili juu ya benchi. Alisoma kwa kidole, mstari wa juu wa moja, mstari wa juu wa nyingine. Sikujua niangalie wapi. Nilisema, "Papa, unisamehe. Ile siku nilijua hutasoma."

"Ile siku nilisoma."

Ndipo nikamwangalia.

"Jina yangu naijua. Na ile neno naijua, iko kwa mulango ya cabine ya bato kubwa zote, tangu niko mutoto naisoma. Nilisoma, nikasaini. Ningekuambia ufute." Alisafisha koo. "Sikutaka ufute."

Nje mtu alikuwa akigongelea misumari kwenye mbao.

"Liste hii ya mama patron," nikasema. "Anasema ukiisaini utatoka leo."

"Na mzee?"

"Anasema hawamfanyi kitu."

"Bato ilijaa watu. Mpima maji aliniuliza mbele ya wote. Nilijibu nini?"

Nilijua jibu lakini sikulisema, kwa sababu nilikuwa nataka arudi nyumbani. Hilo ndilo nililotaka, si jingine. Aliona, nadhani. Aliikunja ile orodha ya pili akanirudishia mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake. Ile ya kwanza aliibakiza gotini.

Ajenti wa bandari aliingia na daftari lake. Kijana tu, anayeongea taratibu, hakuwa mtu mbaya. Aliichukua orodha akasoma, akauliza, "Capitaine iko wapi kwa hii liste?"

"Hakukuwa capitaine ndani."

"Wewe uko na brevet?"

"Apana."

"Alors, nani alikuwa anapeleka bato?"

"Maji ilikuwa ya mimi," papa akasema.

Ajenti alimwangalia, labda akingoja aeleze. Kisha akanigeukia. "Ni wewe uliandika? Ni yeye alikuambia umuweke hapa?"

Sijawahi kuongea mbele ya mtu wa ofisi. Nilisema hapana, ni mimi mwenyewe. Akaniambia nirudie, kama mwalimu. Nikarudia. Orodha ya pili ilikuwa mkononi mwangu, imelowa jasho, na hakuniuliza nimeshika nini.

Papa alikaa pale siku nne nyingine, kisha wakamwacha aje nyumbani. Karatasi zake zimepelekwa mbele. Mpaka zitakapojibiwa hana ruhusa ya kugusa usukani wa bato lolote, na hakuna anayejua zitajibiwa lini, wala kama jibu ni jela. Kila gari linalosimama karibu na kwetu mama anatoka kuangalia. Brevet ya mzee waliichukua pia, kwa sababu waliuliza orodha za nyuma na jina lake lilikuwa katika zote, na yeye alipoitwa hakuweza kuona njia ya kufika mezani. Alisema hakupoteza kitu. Lakini binti yake alimwambia mama sokoni kwamba kila asubuhi anauliza iko wapi, anataka tu kuishika. Mama patron hatusalimii.

Mwezi wa tisa walilitoa bato mchangani, wakalikokota mpaka Kisangani likiwa limefungwa ubavuni mwa lingine. Mpima maji alituma mtu aje amwite papa. Nilimfuata, hatua zangu nne nyuma. Bato lilikuwa ukingoni, mbao zimefunguka, harufu ya mihogo iliyooza. Watu wawili walikuwa wameshika kamba mikononi na hawakuifunga. Mpima maji alikuwa amewakataza.

"Komanda," akasema, "kamba yako."

Papa alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akachukua kamba na kuifunga kwenye nguzo. Alifunga polepole, mafundo mawili, akaivuta kuona kama imekaza. Mpima maji alingoja mpaka amemaliza kabisa.

"Vieux," akasema, "uko na sigara?"

Papa hakuwa nayo. Mpima maji akatoa yake, akaikata vipande viwili.

Siku hizi papa anakaa pale pale ukingoni akiziba nyufa za mabato ya watu wengine kwa pamba na lami. Barabarani bado wanamwita komanda. Kidole hakiinuki tena. Wengine wanadhani ana kiburi.

Orodha ya pili iko katikati ya daftari hili. Mara nyingi nasema nitaichoma jikoni, kisha naikunjua. Jana niliilinganisha na ile ya kwanza, kwa kumbukumbu tu, kwa sababu ya kwanza iko ofisini. Ile niliiandika juu ya gunia, bato linatikisika, na jina la papa lilipanda kidogo kutoka mstarini. Hii niliiandika mezani, mama amesimama nyuma yangu. Hakuna herufi iliyopinda. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.